Siku kumi za kujifunza kudai deni bila kuvunja udugu: tathmini ya mafunzo ya wahitimu wa biashara mjini Mtwara

Miezi mitano imepita tangu nimalize mafunzo ya stadi za mahusiano na utatuzi wa matatizo yanayotolewa kwa wahitimu wa biashara hapa Mtwara mjini. Nimesubiri makusudi kabla ya kuyaandikia, kwa sababu mafunzo ya aina hii humpendeza kila mtu siku ya kukabidhiwa cheti na kupiga picha, ilhali thamani yake hujulikana baadaye, pale mteja anapokugomea bei au mshirika wako anapoacha kupokea simu. Sasa msimu wa korosho umefunguliwa, biashara yangu imekwisha kupita katika mitihani kadhaa, na ninaona naweza kusema kwa haki kipi kilinifaa na kipi kilinipotezea muda na fedha. Kituo sitakitaja jina, kwa kuwa yapo makosa nitakayoyaeleza ambayo yalifanywa na watu wachache tu, na si vema kazi njema ya wenzao ichafuke kwa ajili hiyo.

Mafunzo yalichukua siku kumi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, katika ukumbi wa ghorofani usio mbali na Soko Kuu. Ijumaa tulimaliza mapema ili wanaokwenda msikitini wawahi. Ada ilikuwa shilingi 150,000, iliyolipwa kwa awamu mbili, na ndani yake mlikuwa na daftari, nauli ya siku za mazoezi ya sokoni, na chai ya saa nne yenye chapati au mihogo ya kuchemsha. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Wengi walisomea uhasibu, ugavi, masoko au utawala wa biashara, wengine hapahapa Mtwara katika tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na chuo cha Stella Maris, wengine Dar es Salaam na Dodoma, na karibu wote tulikuwa tumetembea na bahasha ya kaki kwa mwaka mmoja au zaidi: bandarini, kiwanda cha saruji, kampuni za gesi, mabenki, halmashauri. Mimi bahasha nilikuwa nimeshaiweka kabatini. Nanunua korosho zilizobanguliwa na vikundi vya akina mama, nazifungasha katika pakiti za gramu 100 na 250, na kuzipeleka kwenye maduka na kwa wanaouzia abiria wa mabasi. Nilikwenda kwenye mafunzo kwa sababu katika mwaka mmoja nilikuwa nimegombana na kikundi kimoja kilichoniletea korosho na mwenye duka mmoja aliyekuwa mteja wangu mkubwa, na katika ugomvi wote ule nilikuwa na uhakika kwamba hesabu zangu zilikuwa sahihi.

Siku ya kwanza ndiyo iliyonifanya niamini kwamba nimelipa fedha yangu mahali panapostahili. Tulidhani tutaanza kwa kujitambulisha na kutajiwa malengo ya kozi. Badala yake, kabla ya saa nne, mwezeshaji alitugawa wawili wawili na kutupeleka kwa wafanyabiashara wadogo waliokubali kutupokea, kwa sharti moja ambalo lilitutesa sana: tulikatazwa kutoa ushauri wowote. Kazi yetu ilikuwa kurudi na tatizo la mfanyabiashara huyo, lielezwe kwa maneno ambayo yeye mwenyewe akisomewa atasema, naam, hilo ndilo. Mimi na mwenzangu tulipangiwa mama anayekaanga samaki kule feri, karibu na pale kinapotia nanga kivuko cha MV Mafanikio kinachovusha watu kwenda Msangamkuu.

Tulimkuta anapara vibua, kisu kimoja kifupi, beseni mbili, moja ya samaki na moja ya matumbo, paka watatu wamekaa kwa adabu kama waliopangwa foleni. Alitukaribisha kwenye benchi na kuendelea na kazi yake. Tulimwuliza biashara inakwendaje, akasema inakwenda, ila kila jioni samaki humbakia, na samaki aliyelala hauziki kwa bei ileile. Kichwani mwangu jibu lilikuwa limekwisha kukamilika: mama huyu anahitaji friji, na ili apate friji anahitaji mkopo, na ili apate mkopo anahitaji vitabu vya hesabu, na mimi ninajua kuandika vitabu vya hesabu. Miaka mitatu ya chuo ilinifundisha kufika pale kwa haraka sana. Kama si lile sharti la kufunga mdomo, ningemwachia ushauri wa friji na kuondoka nikijiona msaada.

Lakini tulikuwa tumepewa njia ya kuuliza kwa nini mara tano, ambayo asili yake ni Japani, kwa Sakichi Toyoda, na ambayo viwanda vya Toyota viliitumia kutafuta chanzo cha hitilafu badala ya kufukia dalili zake. Basi tukauliza. Kwa nini samaki wanabaki? Kwa sababu wateja wanaotoka kazini hupita saa kumi, na yeye huanza kukaanga saa kumi na moja. Kwa nini anachelewa? Kwa sababu hununua samaki mchana, kwa wachuuzi, na si alfajiri mashua zinapoingia. Kwa nini asinunue alfajiri, wakati huo ndipo bei ilipo nafuu? Hapo alisimamisha kisu. Akasema, "Mwanangu, alfajiri sina hela mkononi. Hela yangu iko kwa watu." Kwa nini iko kwa watu? Kwa sababu huwakopesha wateja wake wa kila siku mpaka jioni, na jioni ikifika wanasema mpaka Jumamosi. Na kwa nini hawadai? Alitutazama kama watu ambao hawajazaliwa duniani. "Nitamdai vipi shemeji yangu? Nitamdai vipi mama wa jirani, ambaye mwanangu akiumwa usiku ndiye anayenishikia taa?"

Tulirudi ukumbini na sentensi moja: mama huyu hana tatizo la friji, ana tatizo la kudai. Friji ingempa deni la pili juu ya madeni ambayo yeye mwenyewe anawadai watu. Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake nimeona jambo ambalo sikuwahi kufundishwa darasani: utatuzi wa matatizo na stadi za mahusiano, ambavyo vyuo hupenda kuviweka katika mada mbili tofauti na mitihani miwili tofauti, katika biashara ndogo za huku kwetu ni kitu kimoja. Ukichimba tatizo la fedha hatua tatu kwenda chini unakutana na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni ndugu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kudai, na ndiyo siku bora ya kozi nzima. Iliongozwa na mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi ameendesha duka la vifaa vya ujenzi, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokimbia. Hakutupa kanuni. Aliweka viti viwili katikati, akakaa kimoja, akasema yeye ni shemeji anayedaiwa shilingi elfu nane, na kila mmoja wetu aje amdai. Wa kwanza alisalimia kwa dakika nne nzima, akauliza habari za shamba, za watoto, za bibi aliyeko Newala, na mwisho akaondoka bila kulitaja deni. Wa pili alilitaja kwa ukali mpaka ukumbi ukanyamaza. Mimi nilikuwa wa tano au wa sita. Nilisalimia vizuri, nikataja kiasi, kisha nikacheka kidogo, kile kicheko cha kupunguza makali. Alinyoosha mkono akanisimamisha. "Umecheka," akasema. "Anayecheka hadai, anaomba. Rudia."

Nilirudia mara tatu. Nilipokwisha kushindwa vya kutosha, alionyesha namna yake: alikaa karibu, mahali ambapo mtu mwingine hawezi kusikia, akasalimia kwa ufupi, akasema, "Shemeji, ile elfu nane ya Jumanne nataka niende nayo alfajiri mashua zinapoingia. Nikiikosa, kesho hakuna samaki wa kwako wala wa kwangu." Halafu akanyamaza. Alituambia kwamba ile kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu sisi tuliolelewa vizuri tunaona aibu kumwacha mtu katika kimya, na hivyo tunamjazia wenyewe visingizio: au labda mwezi ujao, au kama huna basi, au usijali. Nilitazama daftari la jirani yangu. Alikuwa ameandika neno moja tu, "nyamaza," na kulipigia mstari mara mbili. Sijui mada gani ya uongozi au mawasiliano niliyoisoma chuoni iliyowahi kunipa kitu cha kutumia kesho yake asubuhi kama hiki.

Zoezi la pili lililostahili ada yake lilihusu korosho, na kwa mikoa yetu lisingeweza kukosekana. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho hapa Mtwara katika msimu wa 2007/08, na kila mtoto wa mkulima anaujua mlolongo wake: mkulima anapeleka korosho ghala la chama chake cha msingi cha ushirika, zinapimwa na kupangwa daraja, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinaingizwa mnadani chini ya vyama vikuu kama TANECU na MAMCU, kisha malipo hupita benki. Katika kila hatua ya mlolongo huo kuna mtu anayempokea mwingine, na kila makabidhiano ni mahali pa kutiliana shaka. Zoezi lilitungwa hivi: mzee amepima korosho zake nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza, magunia matano, kilo 412, stakabadhi aliyopewa inasema kilo 405, amerudi ghalani amekasirika, na nyuma yake wamesimama wakulima wengine wanane wanaosikiliza. Nilipewa nafasi ya karani.

Nilifanya lile ambalo msomi yeyote angelifanya. Nikamweleza mzee habari ya unyaufu, kwamba korosho hupoteza maji na hivyo hupungua uzito, na nikamweleza kwa ufasaha. Mzee, ambaye aliigizwa na kijana wa uhasibu kutoka Tandahimba aliyeijua sehemu yake kuliko sisi sote, aliongeza hasira badala ya kuipunguza. "Njomba, kwa hiyo kilo zangu saba zimekunywa jua?" Ukumbi ulicheka, nami nikashikwa na hasira ya kweli. Kundi lililofuata lilikuwa na dada mmoja mpole kutoka Nanyumbu, na yeye hakueleza chochote kwanza. Alimpa mzee kiti. Akauliza: mzee, ulipima lini, ulipima kila gunia peke yake au kwa pamoja, na magunia yalikaa wapi mpaka leo? Mzee akajibu, na katika majibu yake ikaonekana kwamba alipima korosho pamoja na magunia yenyewe, ya katani, ambayo kila moja lina uzito wake wa karibu kilo. Kilo tano kati ya saba zikawa zimepatikana kwa maswali matatu. Zilizobaki mbili mzee mwenyewe akasema, hizo naam, zinaweza kuwa unyaufu.

Maelezo yangu na ya yule dada yalifika mahali palepale, lakini mimi nilianza na jibu, na yeye alianza na mzee. Nilithamini pia kwamba mwezeshaji hakutuacha tuondoke na picha nzuri kupita kiasi. Alisema wazi kwamba unyaufu umewahi pia kutumiwa kama kichaka cha kujifichia, kwamba karani mwenye ulimi laini na mzani uliochezewa ni hatari kuliko karani mkali, na kwamba mtu aliyejifunza kutuliza watu lazima kwanza ahakikishe kwamba anachokitetea ni cha haki. Katika mafunzo ambayo yangeweza kwa urahisi kugeuka kuwa shule ya maneno matamu, onyo hilo lilinipa imani.

Mchoro wa mfupa wa samaki, uliobuniwa na Mjapani mwingine, Kaoru Ishikawa, ulifundishwa siku ya tano, nao una manufaa yake kwa mtu mwenye tatizo lenye vyanzo vingi kwa wakati mmoja. Kwa biashara ya mtu mmoja naona maswali ya kwa nini yanatosha. Mada ya kupanga muda na ile ya kuandika wasifu zilikuwa za kawaida. Anayezijua asizihesabu katika kuamua kulipa ada.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Siku ya sita ililetwa na mgeni kutoka nje ya mkoa aliyetambulishwa kama mhamasishaji. Kwa saa tatu alitutaka tusimame, tukae, tupige makofi, tumwambie jirani kwamba yeye ni mshindi, na alitusimulia kwamba umaskini ni uamuzi wa mtu. Ndani ya ukumbi ule walikuwemo vijana ambao wazazi wao waliuza mikorosho ili wawasomeshe. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba shida yake ni kukosa kujiamini, bila kumwuliza hata swali moja, ni kufanya kinyume cha kila kitu tulichofundishwa siku tano zilizotangulia. Ninaamini mafunzo yangekuwa bora kama siku ile ingefutwa na muda wake ukapewa tena yule mama wa vifaa vya ujenzi.

Kosa la pili ni la lugha. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, na mazoezi yote yalikuwa ya Kiswahili, lakini slaidi na vitini vilikuwa vya Kiingereza kigumu, kana kwamba elimu haiwezi kuwa ya kweli mpaka ivae koti. Mama wa feri hataongeleshwa kwa lugha hiyo, karani wa chama cha msingi hataandika stakabadhi kwa lugha hiyo, na sisi wenyewe tulipofunga vitini vile hatukuvifungua tena. Mwezeshaji mmoja aliahidi kwamba tafsiri inaandaliwa. Miezi mitano baadaye haijatufikia.

La tatu linaniuma zaidi. Mwenzetu mmoja alikuja na mtoto mchanga wa miezi mitano, mtoto mtulivu kabisa, na siku ya pili mtu wa ofisi alimwomba akae karibu na mlango wa nje ili asisumbue wengine, hali hakuna aliyelalamika. Alikaa pale siku mbili, akisikia nusu ya kinachosemwa, kisha hakuja tena. Alikuwa amelipa awamu zote mbili. Baadhi yetu tulikwenda kuzungumza na uongozi, tukasikilizwa kwa heshima, tukaambiwa atapigiwa simu arudi katika awamu inayofuata. Nilipomwuliza mwezi uliopita, alikuwa bado hajapigiwa. Kituo kinachofundisha kusikiliza watu kilipaswa kuwa cha kwanza kujua kwamba mhitimu mwenye mtoto mgongoni ndiye hasa anayehitaji kujiajiri, kwa sababu ndiye ambaye waajiri humkwepa.

Pia tuliahidiwa kufuatiliwa kila mwezi kwa miezi mitatu, na mimi nilipigiwa simu mara moja tu. Yule aliyenipigia aliuliza kama ninaendelea vizuri, nikasema ndiyo, akashukuru na kukata. Baada ya siku kumi za kufundishwa kuuliza maswali yenye kina, nilitarajia zaidi.

Mada moja ilifupishwa isivyostahili, nayo ni ya kuishi katika kikundi. Mhitimu asiye na dhamana, ambaye benki haimtazami, mlango wake wa kwanza wa mtaji ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kuitenga: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024, na vijana hawaipati mmoja mmoja kama mkopo wa benki. Huipitia kwenye kikundi chenye katiba, viongozi na akaunti. Kwa maneno mengine, uwezo wa kukaa meza moja na watu ambao hamkuzaliwa pamoja, kugawana kazi, kumwambia mhazini kwamba hesabu haijakaa sawa bila kumwita mwizi, na kumtoa katika kikundi mtu asiyefanya kazi huku mkiendelea kuamkiana mtaani, huo kwa kijana wa Mtwara au Lindi ni mtaji wenyewe. Nimeona vikundi vitatu vikivunjika, na hakuna hata kimoja kilichovunjwa na soko. Kimoja kilivunjika kwa sababu ya pikipiki ya kikundi iliyokuwa ikilala kwa mwenyekiti. Mada hii ilipewa mchana mmoja, baada ya chai, watu wakiwa wamechoka, na sehemu kubwa ya muda ilikwenda katika kusoma mfano wa katiba. Ilistahili siku mbili kamili na viti viwili katikati ya ukumbi, kama ilivyofanywa siku ya deni.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, aliulalamikia mfumo wa elimu uliomtenga msomi na jamii yake na kumfanya aone kwamba mahali pake ni juu ya wenzake. Shule zikapata mashamba na mabanda ya kuku, nasi tuliosoma baadaye sana tukalikuta jembe limebaki kama adhabu ya waliochelewa namba. Katika siku hizi kumi nililielewa neno lile kwa namna nyingine. Nilikuwa nimelichukulia neno kujitegemea kama kufanya mambo bila kumhitaji mtu, na ndivyo nilivyoiendesha biashara yangu: hesabu zangu, bei zangu, masharti yangu. Ndivyo pia nilivyowapoteza akina mama wa kubangua.

Ugomvi wetu ulikuwa hivi. Walikuwa wakiniletea korosho zenye vipande vingi, na mimi, ambaye mteja wangu hulipia korosho nzima, nilikata bei bila kuwauliza chochote. Nilikuwa na haki ya kimaandishi. Baada ya mafunzo nilikwenda tena kwao Mikindani, safari hii bila daftari la bei, nikaomba niwatazame wakifanya kazi. Korosho hubanguliwa baada ya kupikwa kwa mvuke na kupoa, ndipo ganda hupasuliwa kwa mashine ndogo ya mkono na mguu, kisha tunda la ndani hukaushwa hadi ngozi yake nyembamba iachie na kumenywa kwa kisu. Walikaa kwenye mikeka, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, na hata hivyo vidole vya mama mkubwa wa kikundi vilikuwa vyeusi na vimebabuka. Niliuliza vipande vinatokea hatua gani. Akasema hatua ya kumenya, kwa sababu siku za mawingu korosho hazikauki vizuri, ngozi inang'ang'ania, na kisu kinavunja. Kwa nini hawasubiri zikauke? Kwa sababu mimi nilikuwa nimewawekea siku ya kupokea mzigo, Alhamisi, iwe jua iwe mawingu, na kwamba atakayechelewa sitanunua.

Nilikaa kimya pale kwenye mkeka, na safari hii hakuna aliyenifundisha kunyamaza. Alhamisi ile niliiweka mimi, kwa sababu tu ilinifaa kupakia Ijumaa. Kwa kuwa inahitajika kiasi cha kilo nne hadi tano za korosho ghafi ili kupata kilo moja iliyobanguliwa, kila pakiti ya vipande ilikuwa hasara kubwa kwao kuliko nilivyowahi kufikiri. Tulikubaliana kwamba katika wiki yenye mawingu watanipigia simu siku ya Jumanne na mzigo utasogea hadi Jumamosi, na kwamba vipande nitavinunua kwa bei yake, kwa ajili ya wanaotengeneza visheti na keki. Nilimwomba radhi mama mkubwa kwa lile jambo la kukata bei. Akasema, "Yamekwisha, baba. Ila ungekuja siku ile ungekula na ming'oko."

Mwenye duka tuliyegombana naye sijampata mpaka leo. Nilimwendea mara mbili, nikazungumza naye kwa namna niliyofundishwa, akanisikiliza, na bado anauza korosho za mtu mwingine. Anayekwenda kwenye mafunzo haya ajue hilo mapema, kwa sababu katika ukumbi kila zoezi huishia kwa maelewano, ilhali sokoni mtu anaweza kukusikia, akakuelewa, na akakataa. Wala stadi hizi hazitakupa namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya halmashauri au jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kozi hii haigusi hayo hata kwa saa moja; kwa mambo ya vifungashio na ubora wa bidhaa mimi nilisaidiwa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambao ofisi yao ipo hapahapa.

Kwa hiyo, je, shilingi 150,000 ni halali yake? Kwa mhitimu ambaye tayari ana biashara, hata iwe ya meza moja, nasema ndiyo bila kusita, kwa kuwa atarudi jioni na kulijaribu alilojifunza asubuhi. Kwa ambaye hajaanza chochote, ningemshauri atafute kwanza kitu cha kuuza kwa miezi miwili, hata maji ya kunywa, ndipo aende, la sivyo mazoezi yatakuwa maigizo kwake. Ukijiandikisha, uliza kabla ya kulipa awamu ya pili ni nani atakayeongoza siku ya madeni, na kama ni yule mama wa vifaa vya ujenzi, usikose siku hiyo hata kama mvua inanyesha. Siku ya sita waweza kubaki dukani kwako. Ukiwa na mtoto mdogo, mpigie simu mratibu mapema, upate ahadi ya kiti cha ndani, na uende na mwenzako atakayeisimamia ahadi hiyo pamoja nawe.

Mama wa feri nilimpitia wiki iliyopita, saa tisa na nusu alasiri. Karai lilikuwa limekwisha kushika moto, na juu ya sinia palikuwa na vibua na changu wawili wakubwa ambao mchana huwa wamekwisha. Shemeji bado anadaiwa, aliniambia, lakini sasa ni elfu tatu.